Mazungumzo: Kwenda Kuiona Bahari ya Mombasa

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wazee, kina mama na vijana wa Musanda.)



Nimeombwa nizungumze juu ya safari ya Mombasa, kwa kuwa vijana wengi wa kwetu hutamani kuiona bahari. Tamaa hiyo ni njema. Huko wataiona Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Wataiona Bandari ya Kale ya majahazi, na upande wa pili wa kisiwa, Kilindini, bandari ya meli kubwa, iliyopata jina lake kwa ajili ya kilindi, yaani maji marefu. Na Ras Serani upo mnara wa taa uwaongozao mabaharia waingiapo bandarini.

Lakini taa ile ni ya mabaharia. Mgeni aendaye kwa miguu hana taa. Nalijua hilo kwa nafsi yangu. Siku yangu ya kwanza pwani ya Nyali nalikuta maji yamekupwa, nikatembea hata mwambani, nikawa naokota makombe. Mara mvuvi mmoja akanipigia kelele. Nilipogeuka, maji yalikuwa yamekwisha kunizunguka kwa nyuma. Nikarudi yakinifika kifuani, wala sikujua kuogelea.

Kosa langu lilikuwa nini? Nalidhani bahari ni kama Mto Nzoia. Mto hufurika kwa mvua, bali bahari hujaa hata jua likiwaka. Hujaa kwa muda wa saa sita hivi, kisha hupwa kwa muda kama huo. Na kila siku huchelewa kadiri ya dakika 50. Basi saa iliyokuwa ya salama juma lililopita, juma hili yaweza kuwa ya hatari. Mwezi uandamapo, na uwapo mpevu, huja bamvua, ndipo maji huzidi kujaa na kupwa. Tena bonde lililo kati ya mwamba na pwani hujaa kwanza, hali mwamba wenyewe ungali mkavu.

Kwa hiyo, mzazi, umpapo mwanao nauli, mpe na neno hili: kabla hajakanyaga mwamba, amwulize mvuvi maji yatajaa saa ngapi. Kuuliza si ujinga.