Pikipiki ya Umeme kwa Polisi wa Kata

(Mada iliyotolewa na mratibu wa miradi wa dayosisi kwa viongozi wa vijiji, Isansa, wilaya ya Mbozi)



Mmetutaka tuzungumze juu ya usalama. Tutaanzia kwenye tangi la mafuta. Sehemu nyingi za vijijini nchini, mama aliyepigwa usiku au mkulima aliyeibiwa kahawa huambiwa kwamba askari yupo ila mafuta hayapo. Pengine huombwa achangie. Mwenye fedha huhudumiwa. Asiye nazo husubiri kukuche. Hapo haki imeanza kuuzwa kwa lita.

Petroli yetu yote huagizwa kutoka nje. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei, lita moja ilivuka shilingi 3,000 na Serikali ikalazimika kutoa ruzuku. Umeme, kwa sehemu kubwa, tunauzalisha wenyewe. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kuzalisha Februari 2024, lina mitambo 9 yenye uwezo wa megawati 2,115.

Tufanye hesabu pamoja. Pikipiki ya umeme yenye betri ya uniti 3 huweza kwenda kilometa 60 hadi 80. Kwa bei ya mteja wa kawaida, uniti 3 ni kama shilingi 1,100. Pikipiki ya petroli, kwa safari hiyo hiyo, hunywa karibu lita 2. Milima na matope yetu yatapunguza kilometa hizo, lakini tofauti itabaki kubwa.

Wapo waliotangulia. Nchini Kenya, mwaka 2021 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilizindua majaribio ya pikipiki za umeme, na Msitu wa Karura jijini Nairobi ulikuwa miongoni mwa maeneo yaliyohusika. Nchini Marekani, polisi wa mji wa Fremont waliingiza gari la umeme aina ya Tesla kwenye doria mwaka 2019. Septemba mwaka huo, askari aliyekuwa akifukuza gari la mtuhumiwa alilazimika kuacha kwa sababu chaji ilikuwa inaisha: gari halikuwa limechajiwa kikamilifu kabla ya zamu. Chombo hakikuwa kibovu. Utaratibu ndio uliolegea.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo:

Kwanza, majaribio yaanze na pikipiki ya polisi kata, si gari.

Pili, ziwepo betri mbili, moja ikiwa imejaa wakati wote, na daftari la chaji lisainiwe kila zamu.

Tatu, kituo kiwe na sola, maana umeme hukatika.

Nne, vijana wetu mafundi wafundishwe kuitengeneza.

Tano, pikipiki ya petroli ibaki kwa safari ndefu.

Sisi hatununui vyombo vya Jeshi la Polisi. Tunachoweza ni kulijadili jambo hili kwenye mikutano ya vijiji, kisha kulipeleka kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata na halmashauri.

Ndugu zetu, umeme hautamleta askari asiyetaka kuja. Lakini utaondoa kisingizio cha mafuta, na wananchi watajua la kuuliza.