Mariamu alisafiri na mimba changa

Somo: Luka 1:39–56



Katika somo letu Mariamu hakukawia. Aliondoka Nazareti upesi, akapanda mpaka nchi ya milima ya Yudea kwa jamaa yake Elisabeti. Mimba yake ilikuwa changa sana, hakuna jicho la mtu lililoweza kuiona. Sisi wahubiri tunapenda kufika haraka pale mtoto aliporuka tumboni mwa Elisabeti, na safari yenyewe tunaipita. Luka hasemi Mariamu alifuatana na nani wala alilala wapi. Anasema tu kwamba alifika kwa mtu aliyeitambua hali yake mara tu aliposalimiwa, na kwamba alikaa kwake kadiri ya miezi mitatu. Ile miezi ya kwanza, yenye kichefuchefu na hofu, aliipitisha katika nyumba ambamo siri yake haikuwa siri.

Binti zetu nao wanasafiri na mimba changa. Wanapita Uvira na Kavimvira kwenda Bujumbura. Wanavuka ziwa kwenda Kigoma, na wengine wanaendelea mpaka Nyarugusu, kule Kasulu, kwa jamaa waliokimbia tangu vita vya 1996. Mmoja anafuata biashara, mwingine anamfuata mume. Desturi yetu inasema mimba haitangazwi mpaka ijionyeshe yenyewe. Hatuilaumu, inamkinga mama na midomo ya watu. Lakini leo tunamfikiri mama mwenye siri mbili kwa mara moja: ana mimba ya wiki sita, na ana ugonjwa wa kifafa.

Tuanze na hiyo siri ya pili, maana makanisa yetu yameifanya kuwa nzito zaidi. Tumesoma Marko 9 mara nyingi, tukahitimu kwamba kila anayeanguka ana pepo. Basi fungueni Matayo 4:24. Hapo wanaletwa kwa Yesu wenye pepo, na wenye kifafa, na wenye kupooza, kila kundi kwa jina lake. Mwandishi wa Injili aliwatofautisha. Kwa nini sisi tuwachanganye? Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Povu la mgonjwa haliambukizi mtu. Na Paulo, ambaye aliombea wagonjwa wakapona, hakumwambia Timoteo afunge na kuomba tu kwa ajili ya tumbo lake. Alimpa shauri la kitu cha kunywa (1 Timoteo 5:23). Naye Luka, aliyetuandikia habari za Mariamu, alikuwa muganga (Wakolosai 4:14).

Tunalisema hili kwa sababu kuna wamama wanaoacha vidonge siku wanapojua wana mimba. Mmoja ameambiwa na mama mkwe kwamba dawa itamchoma mtoto. Mwingine ameambiwa madhabahuni kwamba kidonge ni kukosa imani. Mama mpendwa, usiache dawa ya kifafa kwa ghafula. Mwili uliozoea Gardenal ukinyimwa mara moja, degedege linaweza kuja moja juu ya lingine bila kukatika, na hapo mama na mtoto wote wako katika hatari ya kufa.

Hata hivyo mama mkwe hakukosa kabisa, na ni haki kumpa sehemu yake. Iko dawa moja ya kifafa, Depakine, ambayo jina lake lenyewe ni valproate, inayodhuru mtoto kweli. Katika kila watoto 100 ambao mama zao waliimeza wakiwa na mimba, karibu 10 huzaliwa na kilema, na 30 hadi 40 huchelewa kusema, kutembea au kujifunza. Ndiyo maana waganga hawataki kumpa mwanamke anayeweza kuzaa, kama kuna dawa nyingine ya kumfaa. Lakini kuibadilisha ni kazi ya muganga. Tena uti wa mgongo wa mtoto unafungika kadiri ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati mama wengi hawajajua hata kwamba wana mimba. Kwa hiyo usingoje tumbo lionekane ndipo uende CPN. Ukitaka kuzaa, mwone muganga kabla. Ukichelewa siku zako, nenda wiki hiyo hiyo. Mwambie kwamba una kifafa, na umwulize habari ya asidi foliki, maana mwenye kifafa mara nyingi huhitaji kipimo kikubwa kuliko wengine.

Na ninyi wachungaji, msimtake mama huyu kwenye mkesha. Kukosa usingizi huamsha kifafa, na homa ya malaria vile vile. Kufunga, pamoja na matapishi ya mimba changa, kunamwacha bila nguvu na bila dawa tumboni. Mungu anasikia pia maombi ya saa nne asubuhi.

Sasa safari. Kama inaweza kungoja, ingoje. Kama haiwezi, vidonge visafiri katika mfuko unaoushika mkononi, wala si ndani ya mzigo ulio chini ya magunia, tena viwe vya siku nyingi kuliko ulizopanga, maana ziwa halina saa. Usitupe boksi. Huku tunasema Tegretol. Ng'ambo, ambako maboksi huandikwa Kiingereza, unaweza kupewa ile ile kwa jina la carbamazepine. Gardenal huko ni phenobarbitone. Muganga akuandikie jina la dawa yenyewe, kipimo, na tarehe uliyoona damu ya mwisho. Ukitapika punde tu baada ya kumeza, ni lazima ujue la kufanya. Uliza kabla ya kupanda boti.

Tanzania inawadai watu wanaotoka kwetu karatasi ya njano, ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo ina kirusi hai kilichopunguzwa nguvu, na waganga hawampi mwenye mimba bila kupima kwanza hatari ya pande zote mbili. Wanaweza kumwandikia cheti cha kumwachilia. Lakini muuguzi hawezi kupima jambo asiloambiwa. Hapo siri ya mimba inabidi ifunguliwe, hata kama ni kwa sikio moja tu. Vivyo hivyo Fansidar ya kukinga malaria: haimezwi mpaka mimba ipite wiki 13. Chandarua hakina wiki, beba chako.

Ukiona damu, au maumivu makali upande mmoja wa tumbo, au kizunguzungu cha kuanguka, usingoje kurudi nyumbani. Ukiwa Kigoma, hospitali ya mkoa ni Maweni. Ukiwa kambini, nenda kituo cha afya kilicho karibu.

Ndani ya boti, keti katikati, si ukingoni, na uvae jile tangu pwani. Kama zipo safari za mchana, chagua hizo. Na umwambie mtu mmoja, mama aliyeketi karibu nawe akitosha: "Mimi huanguka. Nikianguka, nilaze ubavu, usinitie kitu mdomoni, usinishike kwa nguvu. Ikipita dakika tano sijatulia, nahitaji muganga. Karatasi yangu iko hapa." Umwonyeshe mfuko wenyewe.