Mchicha Hauhitaji Nusu Saa

Msikilizaji, mchicha ukichemshwa nusu saa huku umefunikwa, ukiufunua hutakuta tena kijani. Utakuta rangi ya majani yaliyolala kwenye dimbwi. Joto, pamoja na asidi iliyomo ndani ya jani lenyewe, limeing'oa magnesiamu kutoka kwenye klorofili, na kijani kimefifia. Wakati huohuo vitamini C, ambayo huyeyuka majini na huharibiwa na joto, sehemu yake imeteketea na sehemu imehamia kwenye mchuzi. Folati, anayoihitaji sana mama mjamzito, nayo hupungua. Halafu wengi humalizia kwa kumwaga yale maji! Kosa, kwa maoni yangu, ni kwamba mboga za majani tunazipima kwa saa kana kwamba ni nyama, ilhali jani jembamba hupimwa kwa jicho na kwa jino.

Nitajibiwa kwamba mboga za mjini humwagiliwa maji ya mtaro, kwa hiyo heri ziive kupita kiasi kuliko familia iugue. Hofu hiyo ina msingi. Lakini chakula kikishafikia joto la kutosha, muda wa ziada hauongezi usalama. Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kifikie angalau nyuzi 70 za selsiasi hadi ndani. Bonge la nyama huhitaji muda ili joto hilo lifike katikati. Jani la mchicha halina katikati ya kusubiriwa. Lioshwe vizuri, liingie kwenye sufuria inayochemka kwelikweli, na dakika chache zinatosha. Na kama maji ya mtaro yalibeba madini ya risasi kutoka viwandani, hata ukichemsha mpaka jioni hayatoki.

Wapo pia wanaosema majani ya kunde hayalainiki bila magadi. Ni kweli magadi hulainisha, na tena huihifadhi rangi ya kijani, na hapo ndipo jicho linapodanganyika: mboga inang'aa, kumbe magadi yameharakisha kuharibika kwa vitamini C na B1. Mzee asiye na meno akatiwe majani membamba zaidi, magadi yabaki dukani.

Sisemi kila kitu kiepuliwe haraka. Kisamvu kina sumu ya sayanidi. Lazima kitwangwe na kichemshwe kwa muda mrefu, na asiye na subira asikipike. Maharage mekundu nayo yana sumu yake, hivyo huloweshwa, maji hayo humwagwa, kisha huchemshwa kwa moto mkali. Moto hafifu usiofikia kuchemka hauiondoi sumu hiyo. Ni hao wawili, nadhani, waliotuzoesha kuamini kwamba moto mrefu ni wema kwa kila kitu.

Kwa mchicha, matembele na sukuma wiki, osha kabla ya kukata, kwa sababu jani lililokatwa huvuja. Kaanga kitunguu na nyanya kwanza. Mafuta ya kukaangia husaidia mwili kufyonza karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Tanguliza mashina, majani yafuate, maji yawe kidogo tu. Epua shina likiwa bado lina ukakamavu kidogo, maana sufuria yenye moto huendelea kupika hata ikiwa chini. Maji yanayobaki yasimwagwe. Ni mchuzi wa ugali.