Safari Ilikuwa Wiki Tatu, Kurudi Kulichukua Mwaka

Hotuba ya wanafunzi waliokwenda Leipzig, iliyosomwa kwenye harambee ya Desemba 2024

 

Tumeombwa tueleze safari ya Ujerumani. Mliichangia, kwa hiyo mna haki ya kusikia. Wenyeji wetu, kanisa rafiki la huko Leipzig, walilipa tiketi na malazi. Ninyi mlilipa kila kilichotangulia ndege, na kumbe hicho ndicho kirefu. Pasipoti moja ni shilingi 150,000, na sisi wanafunzi tulikuwa kumi. Kabla ya pasipoti kuna cheti cha kuzaliwa, na sita kati yetu hawakuwa nacho. Kabla ya viza kuna safari ya Dar es Salaam, maana alama za vidole hazitumwi kwa basi. Baba mmoja alishuka hadi Same mara tatu kwa sababu jina la mwanawe liliandikwa kwa herufi moja zaidi. Wazazi wetu hao hatujawashukuru hadharani mpaka leo. Asanteni sana.

Tuliondoka Juni 2023, shule zilipofungwa, tukiwa kidato cha tatu. Tulishuka kwa kosta hadi Gonja Maore, tukapita Kisiwani na Same mpaka KIA, kisha Addis Ababa, kisha Frankfurt, halafu treni hadi Leipzig. Stesheni ya Leipzig ilifunguliwa mwaka 1915 na ni miongoni mwa kubwa kuliko zote Ulaya. Tulisimama chini ya paa lile tukiwa tumeshika mabegi kwa mikono miwili, maana bibi zetu walituonya juu ya wezi wa stendi.

Mtatuuliza kwa nini Leipzig. Misheni ya mji huo ilianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, na ikafika Upare, pale Shigatini, mwaka 1900. Waadventista nao wakafika Giti mwaka 1903. Hivyo mlima wetu na Ujerumani vinajuana tangu zamani, kwa mema na kwa mengine. Tofauti ni kwamba safari zile zilikuwa za wao kuja.

Mambo ya kule ni mengi na mengine mmeshayaona kwenye simu, tutasema machache. Jua la Juni linazama karibu saa tatu na nusu usiku, na wiki nzima ya kwanza hatukujua wakati wa kulala. Chupa ya plastiki ina amana ya senti 25 za euro. Ukiirudisha dukani unalipwa. Wenyeji walitueleza jambo hilo kwa fahari, nasi tukacheka, kwa kuwa hata hapa Miamba mwenye duka hakuachii chupa ya soda bila kuacha hela yake. Walishangaa kusikia hivyo. Tulifurahi kuwa na la kuwashangaza.

Dukani ndiko tulikonyamaza. Kwenye rafu ya mboga kulikuwa na tangawizi, imeoshwa, imepangwa, na kilo moja ilizidi shilingi 10,000 kwa hesabu ya fedha zetu. Kibandiko kimoja kiliandikwa Peru, kingine China. Kila mwenye mama mwenye shamba alikumbuka bei ya gunia la mwisho lililouzwa nyumbani. Tulimwuliza msimamizi wa duka kwa nini haitoki Tanzania. Hakuwa na ubaya; alisema mnunuzi wao anataka vipimo vya mabaki ya dawa za shambani, ukubwa unaolingana, na karatasi zinazoonyesha mzigo umetoka shamba lipi. Tuliyaandika yote kwenye daftari. Kiwanda tunacho hapa Mamba Miamba, na wataalamu wa ushirika wanayajua hayo kuliko sisi. Lakini ni jambo tofauti kulisikia kwenye semina na kuliona likiwa na bei.

Siku nyingine tulipelekwa kanisa la Nikolaikirche. Mwenyeji wetu, mwanamke wa umri wa bibi zetu, alitueleza kwamba tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 waliandamana pale mjini bila silaha dhidi ya serikali yao, wengine wameshika mishumaa, na risasi haikupigwa. Mwezi mmoja baadaye ukuta wa Berlin ukafunguka. Yeye alikuwamo. Kisha akatuuliza: na kwenu, watu wamewahi kufanya hivyo? Tulimtajia Mwalimu Nyerere na uhuru wa 1961. Akatikisa kichwa kwa upole, akauliza tena: huko mlimani kwenu? Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa na jibu, na tulikuwa kumi.

Hayo ndiyo ya safari. Sasa tuseme ya kurudi, ambayo hakuna aliyetuuliza.

Tulitua KIA usiku, na mmoja wetu alilia. Hakulia kwa furaha. Alisema baadaye kwamba angetamani ndege igeuke. Msimlaumu. Wiki tatu tulilala kila mtu na kitanda chake, na maji ya moto yanatoka ukutani. Tulipofika nyumbani tuliona vyumba vimekuwa vidogo, na tukaona aibu kwa kuviona hivyo. Mama mmoja alimtazama binti yake aliyesimama mlangoni akisitasita, akamwambia, "Choo ni kilekile, mwanangu, na njia yake hujaisahau." Tumeicheka sana kauli hiyo tangu hapo, lakini siku ile hakucheka mtu.

Halafu zikaja zawadi. Chokoleti moja iligawanywa kwa watu kumi na wawili, na wa kumi na tatu bado hajatusamehe. Zikaja namba za simu: watu wakitaka wapewe mawasiliano ya Wazungu, mmoja kwa ajili ya trekta. Darasani tuliitwa Wajerumani. Jina hilo wavulana walilichukulia kama sifa, ila mwenzetu wa kike aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono katika hesabu aliacha kunyoosha kabisa, kwa sababu kila akijibu mtu nyuma anasema, "Kule wanafanyaje?" Alikaa hivyo mpaka Septemba.

Lililotuumiza zaidi ni la mwenzetu mwingine, ambaye ametukubalia tuliseme bila kumtaja. Anaishi na baba yake mdogo. Tuliporudi ilienea habari kwamba sisi kumi tumepata wafadhili, na baba mdogo akaamini, maana hakuna aliyemweleza vinginevyo. Akaacha kupeleka mahindi na maharage shuleni. Ndugu zetu, elimu bila ada ipo hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, nasi tumenufaika nayo, ila ada si chakula wala bweni. Mwenzetu akatoka bwenini mwezi Agosti. Alitembea saa mbili kuja na saa mbili kurudi, asubuhi ndani ya ukungu, na darasani akawa analala. Alikuwa wa nne, akawa wa thelathini na moja. Kijana aliyekula meza moja na mchungaji wa Leipzig mwezi Juni, mwezi Oktoba alikuwa hana chakula cha mchana. Baba yake mdogo si mtu mbaya. Alifanya hesabu kwa habari aliyoipata.

Kina mama wa kikundi kimoja cha hapa walipojua, walikusanya debe kwa debe bila kutangaza, na Novemba akarudi bwenini. Wanajijua. Wako safu ya tatu na hawataki tuwaelekeze kidole.

Jambo la pili lililotushika ni Jumatano. Mwalimu aliyesafiri nasi alituita kila Jumatano jioni (Jumamosi haikufaa, nusu yetu ni Wasabato) na kutupeleka kwa mzee mmoja na lile swali la Leipzig. Huko ndiko tulikosikia habari ya mbiru. Mwaka 1945 watu wetu walishuka kutoka milima yote ya Upare kwa maelfu wakaenda Same kwenye boma la mkuu wa wilaya, wakakaa, wakikataa kodi mpya iliyopimwa kwa mali ya kila mtu. Walikaa bila silaha, wakipelekewa chakula kutoka nyumbani, na mwishowe kodi ile ikaondolewa. Profesa Isaria Kimambo aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1971. Mzee alishangaa kwamba hatujui. Sisi tulishangaa kwamba tulivuka bahari ndipo tukaulizwa. Tuliandika barua kwa yule bibi wa Nikolaikirche, kurasa sita, tukamjibu swali lake. Binti aliyeacha kunyoosha mkono ndiye aliyeiandika kwa Kiingereza, na kutoka siku ile akaanza tena kusema.

Mwaka jana mzee mmoja aliuliza kwenye mkutano: hela ya pasipoti zile ingenunua madawati mangapi? Wengine walimzomea. Sisi tunaona swali lilikuwa la haki, na ombi letu leo linatoka humo. Wenyeji wetu wanatarajia kuja Juni mwakani, na wamealika kundi jingine mwaka 2026. Tunaomba kundi hilo liwe la wanafunzi sita badala ya kumi. Tunaomba kila atakayekwenda awekewe kwanza mchango wa chakula na bweni wa mwaka mzima baada ya kurudi, kabla hata ya kulipiwa pasipoti. Kiasi chake kimo kwenye karatasi mliyogawiwa mlangoni, kama mwalimu mkuu alivyotuandikia. Na wazazi na walezi wote wakae na kamati kabla ya safari, waambiwe waziwazi nani analipa nini na nini hakuna anayelipa. Mwanafunzi wa sita akikosekana kwa sababu fedha ya kurudi haikutimia, basi waende watano.

Tunajua wapo wadogo zetu hapa wanaotusikia vibaya, kwamba sisi tumekwenda kumi na sasa tunawapunguzia nafasi. Tumelijadili hilo sisi kwa sisi usiku mzima na hatukukubaliana wote. Waliokataa ni watatu, na wamesema tuliseme.

Mtihani wa kidato cha nne tumeumaliza mwezi uliopita, wote kumi. Matokeo bado. Mwenzetu aliyekuwa akitembea aliufanya akitokea bwenini.

Fomu za ahadi anazo mweka hazina, meza ya karibu na mlango. Mahindi na maharage yanapokelewa pia. Stoo ya shule itakuwa wazi hadi Jumapili jioni, na atakayeleta gunia kwa bodaboda atuambie tushuke tumpokee pale kwenye utelezi.