Gavana von Götzen na Vita vya Maji Maji

 Hapa kwetu Sekenke, katika nchi ya Iramba, habari za Wadachi, yaani Wajerumani, hazijasahauliwa, maana ndio walioanza kuichimba dhahabu ya Sekenke mwaka wa 1909. Na wakati wa vita, mwaka wa 1916, dhahabu hiyo ilipelekwa Tabora ikafanywa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Lakini leo hatusemi habari za dhahabu. Twataka kusimulia habari za mtu aliyeitawala nchi kabla ya machimbo hayo, wakati wa maasi makubwa, ili tuone jinsi mtawala mwenye elimu awezavyo kuijua nchi asiwajue watu wake.

Mtu huyo ni Gustav Adolf von Götzen. Alizaliwa mwaka wa 1866 katika jimbo la Silesia, mtoto wa ukoo bora; akasoma sheria, kisha akawa afisa wa askari wapanda farasi. Mwezi wa Desemba 1893 alitoka Pangani pamoja na wapagazi wengi, akasafiri mpaka Rwanda, akaonana na Mwami Kigeri Rwabugiri mwaka wa 1894. Kutoka huko akapenya misitu ya Kongo, hata akatokea upande wa pili wa Afrika. Baadaye alitumwa Washington kuwa mjumbe wa jeshi la Kaisari. Na Wamarekani walipopigana na Waspania katika kisiwa cha Kuba mwaka wa 1898, alikuwapo kutazama vita vile vilivyoivunja enzi ya kale ya Spania. Basi alipofanywa Gavana wa Afrika ya Mashariki ya Kidachi mwaka wa 1901, hapana aliyeweza kusema kwamba Kaisari amemleta mjinga.

Lakini serikali yake ilihitaji fedha, na viwanda vya nguo vya Ujerumani vilihitaji pamba. Kuanzia mwaka wa 1902 watu wa kusini, hasa pande za pwani, waliamriwa kulima mashamba ya pamba ya shirika, chini ya macho ya maakida na majumbe. Mara nyingi kazi hiyo iliwaita wakati ule ule ambapo mashamba yao wenyewe yalitaka jembe. Waliocheleweshwa walipigwa, na malipo yalikuwa madogo mno, hata wengine wakakataa kuyapokea. Juu ya hayo ilikuwapo kodi, na asiyekuwa na fedha alitolewa kwa kazi ya nguvu.

Katika shida hiyo alitokea mtu huko Ngarambe, jina lake Kinjikitile Ngwale. Alitoa dawa ya maji, akiwaambia watu kwamba risasi za Wadachi zitageuka kuwa maji. Dawa hiyo iliwaunganisha watu wa makabila mengi, ambao zamani kila mmoja alisimama peke yake. Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, watu waling'oa pamba. Na hiyo ndiyo ilikuwa alama ya vita. Kinjikitile alinyongwa Mohoro mwezi wa Agosti, lakini moto ulikuwa umekwisha kushika nyika. Tarehe 30 Agosti maelfu ya watu waliishambulia boma ya Mahenge, wakaangushwa na bunduki za bombomu. Maji hayakuzuia risasi.

Gavana aliomba msaada Ulaya, akaletewa manowari na askari wa baharini. Hata hivyo watu hawakupigana tena uwanjani, walijificha misituni. Hapo maofisa wakatoa shauri kwamba njaa ndiyo itakayowamaliza, naye Gavana akalikubali. Vijiji vikachomwa, ghala zikateketezwa, mazao yakakatwa yakiwa shambani. Wasikilizaji, sisi wa nchi hii kavu twajua njaa ni kitu gani. Risasi humchagua mwenye mkuki. Njaa humwanza mtoto, na mama yake, na mzee asiyeweza kutembea. Serikali ya Wadachi yenyewe ilihesabu waliokufa kuwa 75,000. Wenye elimu ya historia waliochunguza baadaye wamesema huenda walifika 250,000 au kupita. Wahenga walisema, mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Mwaka wa 1906, vita vikiwa havijaisha kabisa, Gavana alirudi kwao kwa sababu ya afya yake. Aliyemfuata, Albrecht von Rechenberg, aliona heri mwenyeji alime kwa faida yake mwenyewe. Von Götzen aliandika kitabu juu ya maasi, kikatolewa mwaka wa 1909, naye akafariki mwaka wa 1910. Katika kitabu hicho aliwatilia nguvu sana waganga na wakubwa wa makabila kuwa ndio wachochezi. Ni kweli dawa iliwadanganya watu. Lakini dawa haimpati mnunuzi mahali pasipo na ugonjwa. Na ugonjwa ulikuwa ni jembe la lazima, kiboko na kodi. Gavana alizipita njia nyingi za Afrika, lakini malalamiko ya mkulima hayakumfikia mpaka yalipofika na mkuki.

Wadachi walimpa heshima kwa kuiita meli yao ya Ziwa Tanganyika jina lake; ikashushwa majini Kigoma mwaka wa 1915. Mwaka uliofuata waliizamisha wenyewe wasije wakanyang'anywa. Ilipoopolewa na kutengenezwa, mwaka wa 1927 ilipewa jina jipya, Liemba. Lakini Songea Mbano, nduna wa Wangoni aliyenyongwa mwaka wa 1906, jina lake limebaki katika mji wa Songea, na kila mtoto wa shule hulisoma katika ramani.

Basi ninyi mlio walimu na wazazi, na ninyi wanafunzi mtakaopewa madaraka kesho, mtu akija kwenu na lalamiko, mpeni kiti kwanza, mkamsikilize mpaka mwisho.