Asibaki Mtu Peke Yake
Neno lililosemwa mbele ya Wakristu wa Ankoro kwa siku ya Jubilei



Katika Agano la Kale jubilei haikuwa karamu tu. Kila mwaka wa 50 tarumbeta ilipigwa katika nchi yote, mtumwa akaachwa huru, na yeye aliyepoteza shamba lake akarudi kwa watu wake. Kwa hiyo, katika siku hii ya furaha, tunapenda kusema juu ya wale wasioweza kufurahi. Wanakaa kati yetu kwa mwili, lakini mioyo yao imehamishwa mbali, nao wanangoja kurudishwa nyumbani.

Tunawafahamu. Ni mama ambaye haendi tena shambani, wala hasongi bukari ila akilazimishwa. Ni kijana asiyepata usingizi usiku, na mchana hataki kuonana na mtu. Ni baba ambaye zamani aliimba katika kwaya, na leo anakaa nyuma ya nyumba toka asubuhi mpaka jioni pasipo kusema neno. Sisi tunasema, «Ana mawazo mengi», kisha tunapita. Wengine wanasema amelogwa. Wengine wanasema ni mvivu, au imani yake ni haba.

Ndugu wapenzi, tusiseme hivyo. Huzuni ikikaa majuma mengi, ikimnyang'anya mtu usingizi, hamu ya chakula na nguvu ya kazi, huo ni ugonjwa, kama vile malaria ni ugonjwa. Waganga wa lopitali wanaujua, na una matunzo yake. Tena si alama ya kukosa imani. Nabii Elia mwenyewe alikaa chini ya mti jangwani, akaomba afe. Mungu hakumgombeza. Malaika alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamletea tena. Maneno yalikuja nyuma.

Wala si ajabu kwamba ugonjwa huu umeingia katika nyumba zetu. Tarehe 1 Januari 1962, huko Kongolo, mji ulio chini yetu kwa mto huu wa Lualaba, wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu waliuawa kwa siku moja. Mwezi wa Novemba 2002, hapa Ankoro, askari wa serikali na Mai-Mai walipigana katikati ya raia; watu wengi wasio na kosa walikufa, na maelfu ya nyumba zikateketea. Mwaka 2004 mahakama ya kijeshi ilitoa hukumu katika kesi hiyo. Kisha, miaka ya 2016 na 2017, ugomvi kati ya Watwa na Waluba ulifukuza watu wengi sana katika jimbo la Tanganyika, hata kando ya Kalemie vibanda vya wakimbizi vikajaa. Nyumba tumezijenga tena, kwa matofali na majani. Lakini ni nani aliyewauliza wenye nyumba namna gani wanalala usiku?

Si sisi peke yetu tuliojiuliza hivyo. Katika mji wa Harare, nchi ya Zimbabwe, mganga wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa wake kijana, aliyejiua baada ya kukosa nauli ya basi ya kufika lopitali. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare, mganga huyo alianza kazi pamoja na mama wazee 14. Hawakuwa waganga. Aliwafundisha kuketi na mgonjwa juu ya benchi la mbao, nje ya nyumba ya matunzo, kumsikiliza, na kutafuta pamoja naye njia ya kutatua shida moja kwanza. Washona wanaita ugonjwa huo kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi: karibu sawasawa na neno letu. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2016, juu ya wagonjwa 573, ulionyesha kwamba wale walioketi na mama hao walipata nafuu kupita wenzao waliopewa matunzo ya kawaida.

Basi, je, hatuna mabenchi hapa? Hatuna mama wazee wenye busara? Tunayo yote. Kwa hiyo tunaomba kila shirika la parokia hii lichague watu wawili, mwanamke na mwanaume, wafanye kazi hii, wakishika mambo matatu.

Kwanza, kwenda. Mgonjwa wa huzuni hataita, kwa kuwa anafikiri anasumbua watu. Twendeni na muhogo kidogo au sombe, tuteke maji, tufagie kiwanja.

Pili, kusikiliza na kutunza siri. Rafiki za Yobu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku wakinyamaza, na hapo walikuwa rafiki kweli. Matata yalianza walipofungua kinywa kumtafutia makosa.

Tatu, kusindikiza. Urafiki haushiki nafasi ya dawa. Mgonjwa akizidiwa, tumpeleke kwa waganga. Mabruda wa Mapendo wana nyumba za kutunza wagonjwa wa namna hii huko Lubumbashi, na pia huko Goma, ambako nyumba yao inaitwa Tulizo Letu. Na mtu akisema kwamba anatamani kufa, tusimcheke wala tusimhubirie. Tusimwache peke yake hata saa moja. Tuondoe karibu naye kila kitu cha hatari, tumfikishe mara moja kwa waganga.

Nawe ndugu unayebeba mzigo huu kimya leo, katikati ya ngoma na nyimbo, tunakuambia: si haya. Mwambie mtu mmoja tu. Wazee walisema, kidole kimoja hakivunji chawa.

Hapa Ankoro maji ya Luvua yanaingia katika Lualaba, na toka hapa yanakwenda pamoja mpaka Kongolo na mbele zaidi. Mungu atujalie kwenda vivyo hivyo, mwenye nguvu pamoja na aliyechoka.  Jubilei njema kwenu wote.