Haja Imletayo Mtu Mzima Darasani



Nimeombwa kusema machache juu ya darasa letu la gumbaru, ambalo madawati yake yanazidi kubaki matupu. Wako wanaoshauri kwamba wasiohudhuria watozwe faini. Faini yaweza kumleta mtu hadi mlangoni, lakini haitamfundisha hata herufi moja.

Mkumbukeni marehemu Mzee Kimani Maruge. Mwaka 2004, mwaka mmoja baada ya Serikali kufuta karo ya shule za msingi, aliingia darasa la kwanza kule Kapkenduiyo, Eldoret, akiwa na umri wa miaka 84, naye amevaa kaptura kama watoto. Hakulazimishwa na mtu. Alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe, maana aliwashuku wahubiri. Tena alitaka kujua kuhesabu fedha, ili asipunjwe. Haja hizo ziliishinda aibu. Na aibu, wazee wangu, huwafukuza watu wazima kuliko ugumu wa masomo: mwenye wajukuu hapendi kuchekwa na majirani.

Kwa hiyo naiomba Halmashauri, kabla ya kununua vitabu vingine, mwalimu amwulize kila mwanafunzi amekuja kutafuta nini. Mama auzaye maziwa na aanze na daftari la mauzo. Anayetaka kumwandikia mwanawe aliye mbali, na aanze na jina la mwana huyo. Akoseaye asahihishwe faraghani. Mapato ya faini tutayakosa, na kwa hilo Bwana Mweka Hazina ataniwia radhi.